Muhogo mchungu si wa kuharakisha

Nyumba nyingi hugawa muhogo kwa ulimi tu: mtamu unachemshwa, mchungu unakwenda kuwa unga. Uchungu huo mara nyingi ni dalili ya sumu, na kazi ya kuitengeneza hufanywa na vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha shughuli za kikemia ndani ya kiumbe hai.

Mmea hauwezi kumkimbia mdudu wala panya. Kwenye majani ya muhogo, kimeng'enya cha kwanza huchukua asidi amino, malighafi ileile ya protini, na kuibadilisha. Cha pili hupokea na kuendeleza. Cha tatu hubandika sukari, ikapatikana linamarini, ambayo husafirishwa hadi kwenye mizizi. Njiani kuna hatua ambazo zingeudhuru mmea wenyewe kama zingevuja. Mtama nao hutengeneza sumu ya jamii hiyo kwa njia inayofanana, na mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Copenhagen walionyesha kuwa vimeng'enya vyake hukaa vimebanana kwenye utando mmoja wa seli, vikipokezana kazi bila kumwaga.

Linamarini ikiwa imehifadhiwa ndani ya seli imetulia. Kimeng'enya cha kuivunja kiko kando, kwenye ukuta wa seli. Meno ya panya yakipasua seli, viwili hivyo hukutana na sayanidi hutoka.

Mchi hufanya kazi ileile ya meno. Kutwanga, kukuna na kuloweka huvikutanisha makusudi, ili sumu iondoke kwa hewa au maji kabla chakula hakijafika mezani. Ndiyo sababu kisamvu hutwangwa kwanza, kisha huchemshwa sufuria ikiwa wazi. Kuchemsha vipande vikubwa vya muhogo mchungu, kwa upande mwingine, ni kujidanganya: joto huharibu kimeng'enya mapema na linamarini nyingi hubaki ndani. Muhogo huo humenywa, hulowekwa siku tatu hivi mpaka ulainike, ndipo huanikwa. Jua peke yake halitoshi, hata kama jirani anasema kwake linatosha.

Hatari huongezeka wakati wa ukame, kwa kuwa muhogo huwa na sumu zaidi na njaa haina subira. Konzo, ugonjwa ulioelezwa na daktari Trolli huko Kongo mwaka 1938, hupooza miguu yote miwili kwa ghafla, na hauponi. Huwapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Wilaya ya Tarime, mkoani Mara, ilikumbwa na mlipuko wake mwaka 1985. Wanaougua ni wale ambao mlo wao ni muhogo kila siku, karibu bila kitoweo. Dagaa, samaki na maharage huupa mwili salfa ya kupunguza makali ya sayanidi, kisha hutoka kwa mkojo.

Na unga wa muhogo mchungu ambao haujulikani uliandaliwaje? Mtafiti Howard Bradbury wa Australia alibuni njia isiyo na gharama. Unga huchanganywa na maji ukalowa, hutandazwa kwenye sinia kwa unene usiozidi sentimita 1, huachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini, na ugali husongwa siku hiyohiyo.