Hata Serikali Ipige Hodi

Ndugu msomaji, mila za Waswahili zatufunza kwamba mgeni afikapo mlangoni hupiga hodi. Akipiga mara tatu asijibiwe, hugeuka akaenda zake. Haingii ati kwa kuwa mlango haukutiwa kufuli. Adabu hii haikuwekwa kwa sababu kila mwenye nyumba ana maovu anayoyaficha. La hasha! Iliwekwa kwa sababu nyumba ni sitara, na kila binadamu anastahili kusitiriwa.

Leo nataka tumjadili mgeni mmoja asiyependa kupiga hodi. Mgeni huyo ni serikali, na mlango ninaousema ni simu. Je, serikali inapowasaka magaidi, ina haki ya kuingia katika simu za raia bila hodi? Wapo wasemao "ndiyo, usalama kwanza", na wapo wasemao "katu!" Mimi nasema hivi: na iingie, lakini kwanza ipige hodi kwa jaji.

Kabla hujaniita mtetezi wa magaidi, nisikilize. Hakuna Mkenya asiyejua uchungu wa ugaidi. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililipuliwa katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, na watu 213 wakafa hapa kwetu. Maelfu walijeruhiwa, na wengine wakapofuliwa na vioo vilivyopasuka. Septemba 2013 watu 67 waliuawa katika jumba la Westgate. Mwaka wa 2014 damu ilimwagika Mpeketoni, kisha Mandera, ambako abiria 28 wa basi waliuawa mwezi Novemba na wachimba mawe 36 wakafuata kabla ya wiki mbili kwisha. Gaidi naye anatumia simu kama wewe na mimi. Hupanga njama kwa simu, hutuma pesa kwa simu. Serikali itakayoziba masikio wakati huo itakuwa imewasaliti raia wake. Hilo nalikubali bila ubishi.

Ndipo sheria zikatungwa. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ilipitishwa mwaka wa 2012. Kifungu chake cha 36 kinamruhusu polisi wa cheo cha Chifu Inspekta au zaidi aende Mahakama Kuu kuomba amri ya kunasa mawasiliano ya mshukiwa. Hawezi kwenda huko kabla ya kupata idhini ya maandishi kutoka kwa Inspekta Jenerali wa Polisi au Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Afisa anayenasa mawasiliano kinyume cha utaratibu huo ametenda kosa na anaweza kufungwa jela. Jamani, hiyo si hodi? Hiyo ni hodi kamili! Mshukiwa hajui lolote, uchunguzi hauharibiki, lakini yupo mtu wa tatu, asiye polisi wala mshukiwa, aliyeuliza: "Mnamtakia nini huyu?"

Kisha ikaja Desemba 2014. Taifa lilikuwa bado linaomboleza Mandera. Mswada wa kubadilisha sheria za usalama ulipelekwa Bungeni mbio mbio, wabunge wakavurugana ukumbini, na tarehe 19 ukatiwa sahihi na Rais Uhuru Kenyatta. Ndani yake mlikuwa na kifungu kipya, 36A. Hicho chasema kwamba vyombo vya usalama wa taifa vinaweza kunasa mawasiliano ili kugundua, kuzuia na kuvuruga ugaidi, kwa kufuata taratibu zitakazowekwa na Waziri. Kanuni hizo ni lazima zikubaliwe na Bunge la Kitaifa. Sasa angalia tofauti. Kifungu cha zamani chamtaja jaji. Kifungu kipya chamtaja Waziri. Waziri ni mtu wa serikali, na anayesikiliza simu ni mtu wa serikali pia. Kesi ya nyani ukimpelekea ngedere, utarajie nini?

Upinzani na watetezi wa haki walikwenda mahakamani. Tarehe 23 Februari 2015 majaji watano wa Mahakama Kuu walivifuta vifungu vinane vya sheria ile, kikiwemo kile kilichotaka wakimbizi nchini wasizidi 150,000. Lakini vifungu vya kunasa mawasiliano waliviacha, kwa maoni kwamba tishio la ugaidi latosha kuiwekea mipaka haki ya faragha. Nawaheshimu majaji wetu, na uamuzi wao si wa kuchezewa. Hata hivyo, jambo likiruhusiwa na sheria si lazima liwe ndiyo njia bora. Bunge lililoandika 36A lina uwezo wa kuliongeza humo neno "jaji".

Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 31, yampa kila mtu haki ya faragha. Nyumba yake isipekuliwe ovyo, mali yake isitwaliwe, habari za jamaa yake zisidaiwe wala kufichuliwa bila sababu, na mawasiliano yake yasiingiliwe. Ni kweli kwamba haki hii si miongoni mwa zile zisizoguswa kamwe. Kifungu cha 24 charuhusu ipunguzwe, mradi iwe kwa sheria, kwa kiasi kinachofaa, na serikali ndiyo itakayothibitisha kwamba kiasi hicho kinafaa. Kwa hivyo tusiulize kama serikali yaweza kusikiliza. Tuulize ni nani atakayeithibitishia haja yake, na lini. Mimi nasema jaji, na nasema kabla.

Tuchukue mfano wa bwenini. Mwalimu wa zamu akisikia kwamba kuna bangi ndani ya bweni, ana haki ya kupekua masanduku. Hakuna atakayebisha. Lakini kuna upekuzi unaofanywa mbele ya kiranja wa bweni na mwenye sanduku, kwa sababu inayojulikana, na kuna ule wa mtu kupekua peke yake usiku, akasoma barua za wanafunzi na kuzirudisha kimya kimya. Bangi ikikosekana, barua imekwisha kusomwa. Ni nani atakayeandika barua ya kweli tena bweni hilo?

Najua wengi watasema: "Asiye na hatia ana wasiwasi gani?" Msemo huu ni mtamu mdomoni lakini haukomai. Mgonjwa anayempigia daktari hana hatia. Msichana anayemweleza mshauri yaliyompata nyumbani hana hatia. Raia anayemwambia mwandishi wa gazeti kwamba mkubwa fulani amekula pesa za zahanati hana hatia, ila akijua anasikilizwa hatapiga simu hiyo, na zahanati itabaki bila dawa.

Isitoshe, hatia hupimwa na nani? Sisi wapenzi wa Kiswahili twamjua Abdilatif Abdalla. Alifungwa miaka mitatu kuanzia 1969 kwa sababu ya makala yake "Kenya: Twendapi?" Sheria iliyotumika ilikuwa ya uchochezi, tuliyoirithi kwa mkoloni. Mashairi aliyoyatunga gerezani ndiyo yaliyotupa diwani ya Sauti ya Dhiki mwaka wa 1973. Leo kitabu chasifiwa, na sheria ile ilifutwa mwaka wa 1997. Somo ni kwamba sheria pana ikiwekwa mkononi mwa mtu mmoja, haichagui. Leo itamnasa mhalifu, kesho mshairi.

Tena mzigo huu hatuubebi sawasawa. Aprili 2014, katika msako ulioitwa Usalama Watch, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa na kuchujwa katika uwanja wa Kasarani. Wenzetu wanaotoka Eastleigh, Garissa na Mombasa wanajua vile jina au vazi linavyoweza kumgeuza mtu mshukiwa. Jaji huuliza ushahidi. Mtu aliyekaa peke yake na mashine ya kusikiliza anaweza kutosheka na jina tu.

Na je, kusikiliza kila mtu kunaleta usalama? Tarehe 2 Aprili 2015 sheria mpya ilikuwa imetumika kwa zaidi ya miezi mitatu, ila Chuo Kikuu cha Garissa kilishambuliwa na watu 148 wakauawa, wengi wao wanafunzi, vijana walioketi madarasani kama haya yetu miaka michache tu kabla. Tahadhari zilikuwa zimetolewa siku zilizotangulia. Shambulio lilianza alfajiri, na kikosi maalum kilifika saa nyingi baadaye. Hapo haikukosekana habari. Ilikosekana miguu ya mbio.

Hata wakubwa wa dunia walijifunza. Baada ya mashambulio ya 11 Septemba 2001, serikali ya Marekani ilikuwa ikikusanya kwa siri kumbukumbu za simu za mamilioni ya raia wake: nani kampigia nani, saa ngapi, kwa muda gani. Edward Snowden aliifichua siri hiyo mwaka wa 2013. Januari 2014, bodi ya serikali hiyo hiyo inayochunga faragha ilisema haikuona hata kisa kimoja cha tishio kwa nchi yao ambapo mpango huo ulibadilisha matokeo ya uchunguzi wa ugaidi. Mwaka uliofuata Bunge lao likaukomesha ukusanyaji huo wa jumla. Anayetafuta sindano hasaidiki kwa kuongezewa nyasi.

Basi nini kifanyike? Kwanza, kila anayetaka kunasa mawasiliano apate amri ya jaji, iwe ni polisi au jasusi. Kukiwa na dharura, bomu liko njiani, aanze kazi lakini afike kwa jaji katika muda mfupi uliotajwa na sheria. Pili, Bunge liambiwe kila mwaka ni amri ngapi zilizoombwa na ngapi zilizokataliwa. Idadi peke yake haimwambii gaidi kitu. Tatu, mazungumzo ya asiye na kosa yafutwe, wala yasiwekwe akiba ya kumtisha siku za usoni.

Na sisi wanafunzi tusidhani haya ni mambo ya wazee. Tutakaotawaliwa na sheria hizi kwa miaka mingi zaidi ni sisi. Katiba, Kifungu cha 118, yaliamuru Bunge liwashirikishe wananchi katika kazi yake. Basi tuisome Katiba, tuijadili chamani, na mswada mwingine ukiletwa mbio mbio wakati wa matanga, tuwaulize wabunge wetu swali moja tu: "Humu ndani, hodi inapigwa kwa nani?"

Mlinzi tunamtaka, tena tunamshukuru. Ila mlinzi hulinda mlango. Akitaka kuingia ndani, apige hodi kama watu wengine.