"Huyu Mbona ni Mzima?"

Kuna swali moja linalowakata maini wazazi wa wagonjwa wa akili kuliko matusi ya watoto wa mtaani. Aghalabu huulizwa na watu wapole wasio na nia mbaya. Karani huliuliza, jirani huliuliza, hata mjomba aliyekuja kutoka Mombasa kutembea siku mbili huliuliza: "Huyu mbona ni mzima?"

Kweli, ukimtazama kijana mwenyewe ana miguu yake miwili na macho yake yote. Amenyolewa, amevaa shati safi, na ukimwamkia anaitikia. Lililofichika ni kwamba juzi alishinda mchana kutwa akibishana na sauti ambazo hakuna mwingine azisikiaye, na kwamba mamake amekuwa akilala kwenye mkeka mbele ya mlango ili asitoke usiku akaifuata barabara kuu.

Juma hili nimeona tulizungumze swali hilo kwa sababu linawagharimu watu fedha. Serikali ya Kenya ina mpango wa kuwapa pesa watu wenye ulemavu mkubwa. Mpango huo ulianza mwaka 2011 na siku hizi uko chini ya Inua Jamii, pamoja na ule wa wazee na ule wa mayatima. Malipo ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Najua kuna msomaji atakayecheka na kusema hizo ni za chakula cha jioni moja mjini. Basi na aende Bamba au Marafa akaone. Kwa mtu wa huko shilingi 2,000 ni nauli ya kwenda kliniki na kurudi, ni dawa zilizokosekana kwenye dirisha la hospitali, na ni unga unaobakia. Mgonjwa wa akili akikosa nauli ya mwezi mmoja hukosa dawa za mwezi mmoja, na yote yaliyojengwa kwa mwaka mzima huporomoka.

Wengi hudhani kwamba serikali ikisema mlemavu inakusudia mtu wa kiti cha magurudumu au fimbo nyeupe. Sivyo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 iliutaja ulemavu wa akili waziwazi. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 260, inautaja ulemavu wa mwili, wa hisi, wa akili na wa nafsi. Sheria mpya iliyotiwa sahihi Mei 2025 na kuchukua nafasi ya ile ya 2003 haikuwatoa wagonjwa hawa nje. Hata maelezo ya mpango wenyewe wa pesa yanasema mwenye ulemavu mkubwa ni yule anayehitaji mtu wa kumwangalia daima, awe ni wa kumlisha, wa kumpeleka msalani, au wa kumkinga asijidhuru yeye mwenyewe wala asidhuriwe na wengine. Hayo maneno ya mwisho yasome mara mbili. Mama anayelala mlangoni na kuficha visu juu ya dari ametajwa humo, ingawa huenda hajui.

Tuseme basi kuna mama mjane pale Ganda, nje kidogo ya Malindi, ambaye kitindamimba wake ameugua tangu alipokuwa kidato cha tatu. Afanye nini? Kwanza aelewe kwamba kuna milango miwili, na watu wengi hugonga wa pili kabla ya ule wa kwanza. Mlango wa kwanza ni kutambuliwa. Kijana apelekwe katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, apimwe na jopo la madaktari, wajaze fomu, fomu ikubaliwe na Wizara ya Afya, kisha aandikishwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu na kupewa kadi. Mlango wa pili ndio huo wa Inua Jamii, ambao hupitia kwa chifu na afisa wa maendeleo ya jamii, na haukai wazi mwaka mzima. Hufunguliwa serikali inapotangaza kuandikisha wapya. Mwenye kadi mkononi siku ya tangazo hilo hatakuwa sawa na yule atakayeanza kuitafuta siku hiyo.

Huko kwenye jopo la madaktari ndiko swali letu linakouma. Aliyekatwa mguu akiingia chumbani, mguu haupo Jumatatu na haupo Ijumaa. Ugonjwa wa akili una misimu kama bahari. Leo maji yametulia unaona hadi mchanga, kesho kutwa hakuna ngalawa inayotoka. Isitoshe, mama wa Ganda kama mama yeyote wa Pwani hatakubali mwanawe aonekane ovyo mbele ya daktari. Atamwamsha alfajiri, atamwogesha, atampigia pasi suruali na kuhakikisha amemeza dawa. Kijana ataulizwa jina atajibu, ataulizwa siku ya juma atajibu. Na jopo lenye foleni ndefu nje litaandika kile lilichokiona.

Simwambii mama ampeleke mwanawe mchafu, wala amnyime dawa ili aonekane mgonjwa zaidi. Huo ni ukatili, na ni hatari. Ninachosema ni kwamba lile ambalo macho hayalioni lazima liandikwe. Nunua daftari la shule la kurasa 32. Kila siku andika mistari miwili tu: amelala au hakulala, amekula au amekataa, ametoka akatafutwa, amevunja nini, nani alishinda naye na kazi gani iliachwa kwa ajili hiyo. Baada ya miezi mitatu una ushahidi ambao shati safi halitaufuta. Kule Uingereza, malipo ya ulemavu yaitwayo PIP, yaliyoanza 2013, yana kanuni ya kuuliza kama tatizo humsumbua mtu zaidi ya nusu ya siku katika mwaka. Wao pia wamejua kuwa siku moja haitoshi kumpima mtu. Hapa kwetu daktari atalisoma daftari ukimpa, na akiwa na haraka, msomee wewe.

Pamoja na daftari, weka kadi zote za kliniki. Hapa sina budi kugusa jambo ambalo litawaudhi baadhi ya wazee wangu. Familia nyingi za Kilifi, Mijikenda na Waswahili sawia, humpeleka mgonjwa kwa mganga kwanza, kwa kuwa dalili zenyewe husemekana ni pepo, ni koma wa ukoo au ni kazi ya jirani. Sijaja hapa kumtukana mganga. Wapo watu waliopata faraja huko, na wapo waliouza mbuzi wote wasipate kitu. Ila mganga haandiki. Miaka minne ya kuhangaika kutoka Vitengeni hadi Kaloleni haiachi hata kipande cha karatasi, na mbele ya jopo inakuwa kama kijana alianza kuugua wiki iliyopita. Ukitaka kwenda kwa mganga nenda, lakini kliniki ya hospitali ya Malindi au ya Kilifi uipitie pia, upate tarehe na muhuri. Waliozidiwa kwa miaka mingi wamekuwa wakipelekwa Port Reitz, Mombasa. Karatasi ya kuruhusiwa kutoka huko isifungiwe maandazi.

Kisha kuna aibu, ambayo kwa maoni yangu huwazuia wengi kuliko umbali na nauli. Kuomba msaada huu ni kulitaja jina la mwanao kwa chifu, na pengine majina husomwa barazani ili wenyeji wathibitishe. Kijiji kizima kitasikia. Mama atawaza: dada zake wataolewa na nani? Akipona na kutafuta kazi, watu watasemaje? Hizo si fikira za kijinga. Neno mwendawazimu likishamkaa mtu huwa gumu kubanduka, na nimesikia likitumiwa hata na wahudumu waliopaswa kujua zaidi. Watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust, walio Kilifi tangu 1989, waliendesha kampeni kuhusu afya ya akili iliyoitwa Difu Simo, maneno ya Kigiriama ya kujifungua kutoka kifungoni, na waliwashirikisha wenyeji katika filamu na muziki. Jina hilo limenikaa kichwani kwa sababu vifungo hivyo kwa wengine si mithali. Wapo waliofungwa kamba kwenye mnazi nyuma ya nyumba, na aliyewafunga ni mtu anayewapenda ambaye hakuwa na njia nyingine ya kwenda shambani.

Nisimdanganye mtu kwamba kadi ni hundi. Katikati ya miaka ya 2010 kaya zilizokuwa zikipata pesa hizi nchi nzima zilikuwa 47,000 hivi, wakati wenye haki ya kuziomba ni wengi mno kuliko hao. Malipo nayo yamewahi kuchelewa kwa miezi. Unaweza kukamilisha kila kitu na ukaambiwa nafasi zimejaa. Hata hivyo kadi yenyewe ina kazi nyingine. Mwenye kadi aliyeajiriwa anaweza kuomba cheti cha kusamehewa kodi kwa mapato yasiyozidi shilingi 150,000 kwa mwezi. Mwanafunzi anaweza kuomba msaada wa karo katika hazina ya Baraza. Nawataja wanafunzi makusudi. Kijana wa chuo mwenye ugonjwa wa bipola anayefaulu mitihani kwa taabu hatahesabiwa kuwa na ulemavu mkubwa, hivyo zile 2,000 hatazipata, lakini kuandikishwa anaweza akipimwa na kukubaliwa, na hakuna anayelazimika kuwaonyesha wenzake wa bwenini kadi yake.

Limebaki la mlezi. Mgonjwa asiyeweza kwenda kuchukua pesa mwenyewe huandikiwa mlezi wa kuzipokea kwa niaba yake, na hapo ndugu hukosana. Kaka mkubwa anasema yeye ndiye mwenye nyumba, shangazi anasema yeye ndiye anayefua. Ushauri wangu ni kwamba aandikwe yule anayeshinda na mgonjwa, hata kama ni msichana mdogo kuliko wote, maadamu ana kitambulisho. Na mgonjwa aambiwe pesa zimeingia, ni ngapi, na zinanunua nini. Atakuwa na siku zake za kuelewa, na siku hizo huuliza. Mama wa Ganda anaweza kuyaandika hayo pia katika lile daftari, chini ya mistari ya kulala na kula: nauli kiasi gani, dawa kiasi gani, na zile ishirini alizoomba mwenyewe za kununua mabuyu.