Nafuu ya kodi isiyomfikia mlinzi wa lango

Kila mwaka, Mswada wa Fedha unapokaribia kufikishwa bungeni, husikika pendekezo lilelile: wafanyakazi wa kipato cha chini waongezewe nafuu ya kodi. Linapendeza masikioni, na wanasiasa wa pande zote hulipenda kwa sababu halimuudhi mtu. Kabla hatujalipigia makofi, tuchukue kalamu tupige hesabu.

Mwajiriwa wa Kenya hukatwa kodi ya mapato, PAYE, kwa viwango vinavyopanda: asilimia 10 kwa shilingi 24,000 za kwanza za mwezi, asilimia 25 kwa 8,333 zinazofuata, kisha 30 na kuendelea. Kodi ikishajulikana, hupunguzwa shilingi 2,400. Hiyo ndiyo nafuu ya kibinafsi. Wakati wa korona, mwaka 2020, ilipandishwa kutoka 1,408, na miaka 5 baadaye ilikuwa palepale, ingawa bei ya unga na nauli ya matatu hazikusubiri.

Tumchukue mlinzi wa lango anayelipwa 30,000, mwenye mke na watoto 4. Kwa viwango vya mwaka 2025, NSSF humkata 1,800, bima ya afya ya SHIF 825, na tozo ya nyumba 450. Jumla ni 3,075. Makato hayo hutolewa kwanza, na kinachobaki, 26,925, ndicho kinachotozwa kodi. Kodi yake inakuwa 3,131. Ukiondoa nafuu ya 2,400, PAYE anayolipa ni shilingi 731 tu.

Sasa tuseme Bunge linaongeza nafuu kwa shilingi 1,000, iwe 3,400. Mlinzi wetu hapati 1,000. Anapata 731, kwa kuwa nafuu hupunguza kodi iliyopo na hairudishi fedha mfukoni. Mwenzake wa mshahara wa 24,000 hapati hata senti, maana tayari halipi PAYE. Hata katika nafuu ya sasa kuna shilingi 246 anazozikosa kila mwezi kwa sababu kodi yake haizifikii. Nani basi anapata 1,000 kamili? Meneja wa mshahara wa 200,000. Huyo tulidhani hayumo katika mazungumzo haya.

Na si nafuu hiyo pekee. Anayelipa mkopo wa nyumba anaruhusiwa kuondoa riba ya hadi shilingi 30,000 kwa mwezi kabla ya kutozwa kodi. Kwa mtu wa kiwango cha asilimia 30, hapo ameokoa 9,000. Tazama vizuri: kiasi ambacho sheria inamsamehe mwenye mkopo wa nyumba ni sawa na mshahara mzima wa anayemfungulia lango. Mwenye bima ya maisha au ya elimu naye hurudishiwa asilimia 15 ya anacholipa, hadi 5,000 kwa mwezi. Sisemi mambo haya ni mabaya yenyewe. Nasema nafuu zetu zimeundwa kwa ajili ya mtu ambaye tayari ana kitu.

Kinachonisumbua zaidi kama Mkatoliki ni kwamba sheria hii haimwoni mtoto. Kijana asiye na familia na mama anayelea watoto 4 peke yake wana 2,400 ileile. Mume na mke walioajiriwa wote wawili, wasio na mtoto, wana 2,400 mara mbili. Mafundisho Jamii ya Kanisa yamelisema jambo hili muda mrefu, na mafrateri wanalisoma darasani. Papa Pio wa XI katika Quadragesimo Anno, mwaka 1931, alidai ujira unaotosha kuilisha familia. Yohane Paulo wa II katika Laborem Exercens, mwaka 1981, aliongeza kwamba mshahara usipotosha, jamii itafute njia nyingine, ikiwemo posho kwa familia. Hapo ndipo nafuu ya kodi ingepata maana: ihesabu watoto, na inapozidi kodi, tofauti ilipwe taslimu.

Haijakosa kujaribiwa. Marekani mwaka 2021 iliongeza nafuu ya watoto, ikaifanya ilipwe hata kwa wazazi wasiodaiwa kodi, na kuanzia Julai ikawa inaingia kila mwezi. Umaskini wa watoto ulishuka hadi asilimia 5.2 kwa kipimo kinachojumlisha misaada ya serikali. Mpango ulipoachwa kuisha, mwaka uliofuata kiwango kikapanda hadi 12.4. Wazazi hawakuwa wamebadilika.

Mtu ataniambia Kenya si Marekani, na deni tunalo. Kweli. Kuna pia kikwazo kikubwa zaidi ya deni: zaidi ya watu 8 kati ya kila 10 wanaofanya kazi hapa wako katika sekta isiyo rasmi. Mama mboga, fundi wa mjengo na mwendesha bodaboda hawajui karatasi ya mshahara. Kodi yao wanailipa kwenye sabuni, mafuta ya kupikia na petroli, yenye VAT ya asilimia 16, na hapo hakuna nafuu ya kibinafsi. Lakini njia ya kuwafikia ipo. Inua Jamii huwalipa wazee, yatima na walemavu 2,000 kwa mwezi, japo mara nyingi kwa kuchelewa. Ningekuwa na chaguo kati ya kuongeza nafuu ya PAYE kwa kila mtu, meneja akiwemo, na kutumia fedha hizohizo kwa posho ya watoto wadogo, nisingefikiri mara mbili.

Mswada hufika bungeni kufikia mwisho wa Aprili, kisha wananchi hualikwa kutoa maoni. Baada ya Juni 2024 hakuna anayeweza kudai kwamba sauti ya watu haihesabiki. Tume ya Haki na Amani ya parokia ingeweza kukusanya hesabu za mishahara 10 kutoka jumuiya ndogondogo, bila majina, na kuzipeleka kama zilivyo. Hesabu hizo zingesema mengi kuliko waraka wa malalamiko.

Kuna jambo jingine lisilohitaji Bunge. Tangu Julai 2025 sheria inamtaka mwajiri mwenyewe ampe mfanyakazi nafuu na makato yote anayostahili anapokokotoa PAYE. Parokia ni mwajiri. Seminari ni mwajiri. Mhazini afungue daftari la mishahara, aanze na mpishi na mlinzi wa lango, aone kama wanapata hata hicho kidogo ambacho sheria tayari imewapa, na kama mshahara tunaowalipa unatosha mtu mwenye watoto 4.