Matundu Mawili ya Tyubu

Tunapenda kumhukumu dereva wa bodaboda kabla hatujalitazama gurudumu lake. Akianguka kati ya Kyela mjini na Ipinda, jibu letu liko tayari: mwendokasi, pombe, ujana. Ni nadra kusikia mtu akiuliza tyubu ilikuwa na hali gani asubuhi ile, na nani alipaswa kununua nyingine.

Waulizeni mafundi wa pancha. Fundi huzungusha gurudumu polepole akitafuta msumari au mwiba. Asipouona, huitoa tyubu, huijaza upepo na kuizamisha sehemu kwa sehemu katika karai la maji. Viputo humwonyesha pa kuziba. Lakini fundi mzoefu husoma zaidi ya hapo. Tundu moja linalolingana na mahali tairi lilipochomwa ni kazi ya msumari. Matundu mawili yaliyokaa sambamba yana habari nyingine kabisa: tyubu ilibanwa kati ya ringi na jiwe au ukingo wa shimo, kwa sababu upepo ulikuwa haba au mzigo ulizidi. Msumari tunaweza kuuita bahati mbaya. Matundu mawili hatuwezi.

Msimu wa mpunga na kakao, pikipiki moja hubeba magunia kutoka vijijini, kisha abiria wawili kwenda mpakani Kasumulu. Anayeiendesha mara nyingi si mwenye chombo. Ana hesabu ya kupeleka kwa tajiri jioni, mvua inyeshe isinyeshe (na mvua ya Kyela wenyeji wanaijua). Siku ya kukaa kwa fundi ni siku ya deni. Ndiyo maana kiraka hupandishwa juu ya kiraka, na tairi kipara hupelekwa wiki moja zaidi.

Dola nayo inamtazama huyohuyo. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 ipo. Kanuni za mwaka 2010 zikaiweka pikipiki ya abiria chini ya leseni. Bajeti ya 2021/22 ikapunguza faini ya pikipiki kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa. Nafuu hiyo ilistahili. Hata hivyo faini, iwe kubwa au ndogo, bado inatoka mfukoni mwa aliyeshika usukani.

Nitaambiwa kukagua tairi ni wajibu wa dereva. Naam, ni wajibu wake kila alfajiri kulizungusha, kulibonyeza, kupaka maji ya sabuni kwenye mdomo wa tyubu. Ila kukagua hakununui tairi.

Basi halmashauri na LATRA wadai, pamoja na maombi ya leseni, mkataba wa maandishi unaosema kwamba tairi na tyubu ni gharama ya mmiliki, na siku ya matengenezo haina hesabu. Na askari anayesimamisha pikipiki, kabla hajaomba leseni, ainame alitazame tairi. Likiwa kipara, amwandikie mmiliki. Jina lake limo kwenye kadi.