Betri Haina Kosa Kila Mara

Mvua za Kisangani ni neema kwa mashamba, lakini kwa nyaya za motokari iliyokwisha kutumika ni adui. Unyevu huingia katika viungo, kutu hushika, na asubuhi injini yakataa kuzunguka. Ndipo baba wa nyumba hukimbilia kununua betri mpya, na karo ya watoto huishia dukani. Twaona haraka hiyo haifai.

Kwanza tupime. Betri ya volti 12 iliyopumzika usiku kucha yapaswa kuonyesha kama 12.6, ikionyesha 12.2, imebaki nusu tu. Tuwashe injini: kipimo kipande kati ya 13.8 na 14.5. Kisipopanda, yaelekea kosa ni la dinamo au mkanda wake, wala betri mpya haitaponya kitu.

Kisha tutazame vichwa vya betri. Unga mweupe au wa kijani huzuia umeme. Tufungue kwanza waya wenye alama ya kutoa, tusugue, tukaze. Mwisho wake wa pili, ushikao chuma cha gari, husahauliwa hata na mafundi.

Fyuzi iliyoungua isibadilishwe kwa kipande cha waya, kama tuonavyo mara nyingi. Gari lote laweza kuteketea.

Na betri ikiishiwa usiku, gari limezimwa? Tufunge milango, tuweke taa ndogo kati ya kichwa kile cha kutoa na waya wake. Ikiwaka sana, kuna mwizi. Tutoe fyuzi moja moja mpaka taa ififie: mara nyingi mwizi ni redio iliyoungwa ovyo na mwenye gari wa kwanza.