TUJUE MIILI YETU: Baka Lisilouma

Wanafunzi wetu wameuliza: kwa nini mwenye ukoma anaungua moto na hasikii? Swali zuri, leo tulijibu.

Mishipa ya fahamu ndiyo inayopeleka habari za joto na maumivu mpaka kwenye ubongo. Lakini haikui hivi hivi tu. Ni kama maharagwe yanayopanda: bila mti wa kushikilia yanalala chini. Mwilini, mti huo ni protini zilizo nje ya seli, na mojawapo inaitwa laminini. Ncha ya mshipa inaishika na kusonga mbele kidogo kidogo. Hata mshipa ukiumia, kama njia hiyo imebaki nzima, unaweza kuota tena, karibu milimita 1 kwa siku.

Sasa, adui naye anaijua njia hiyo. Mwaka 1997 watafiti walionyesha kwamba bakteria wa ukoma hujishikiza kwenye laminini inayozunguka seli zinazofunika mishipa ya fahamu. Hapo ndipo anapoingia na kuharibu polepole, miaka na miaka. Ndiyo maana baka la ukoma lina ganzi. Na kwa sababu haliumi, watu wanakaa tu nyumbani.

Wengine wanakaa kwa woga. Waliopitia Busia wanalijua jina la Alupe, upande wa Kenya, ambako palikuwa na hospitali ya wenye ukoma. Wazazi, siku hizi hakuna kutengwa. Iwe Busia au Tororo, dawa za ukoma ni bure. Mgonjwa anazimeza miezi 6 au 12 akiwa na familia yake, na akishaanza dawa haambukizi tena.

Lakini dawa inaua bakteria tu. Mshipa uliokwisha kufa ni vigumu kuurudisha. Kwa hiyo kuwahi ndiyo dawa ya vidole na macho ya mtoto wako.

Tunaomba kila mama na baba: ukiona baka jeupe au jekundu kwa mtoto, mwambie afumbe macho, umguse hapo kwa pamba. Asiposikia, mpelekeni kliniki wiki hiyo hiyo. Msimfiche, wala jirani asimcheke.

Tukutane mwezi ujao.