Mbele ya kusema amelewa, mumutazame uso

Kwa milango ya migodi yetu, kutoka Kipushi mupaka Kolwezi, kuko neno moja linalotoka kinywani haraka sana: "Ule alikunywa." Mutu anafika kazini asubuhi, anayumba, ulimi ni muzito, mufuko wa chakula unamuponyoka. Gadi anacheka. Kapita anakasirika, anamutoa kwenye orodha ya siku na kutuma kijana amurudishe nyumbani akalale. Bibi yake naye anamulaza, anakataza watoto kupiga kelele. Magaribi, wakati wa kumuamusha ale bukari, mukono wa kuume hauinuke tena na kinywa kimeenda kando.

Huyo hakulewa. Mushipa wa damu ndani ya bongo ulizibika, ao ulipasuka. Wanganga wanaita AVC, Kiswahili cha vitabu kinasema kiharusi, na kwa avenue zetu tunasema tu kama mutu "alikufa upande". Muchana muzima aliolala kitandani njo ulikuwa muchana wa kumusaidia.

Hatusemi kama walevi hawako migodini. Lutuku tunaijua, na kapita ana haki ya kukataza mulevi asishuke chini. Lakini pombe inalegeza mwili wote, kushoto na kuume, haichague upande. Tena pombe inapanda polepole, kikombe kwa kikombe. AVC inakuja mara moja, sawa taa inayozimika: sasa hivi mutu anasimulia habari za mupira, kisha kidogo hapate maneno. Kampuni kubwa ziko na mashine ya kupuliza mulangoni. Mashine ikionyesha hakuna pombe na mutu bado anayumba, mashine hiyo imewaambia muite ambulansi. Na kama alikunywa kweli? Mulevi naye ana mishipa kichwani, tena pombe nyingi inamukaribisha kwa ugonjwa huu.

Kupima hakuombe diplome. Mumuambie acheke, aonyeshe meno: upande mumoja wa uso unabaki chini? Anyooshe mikono yote miwili mbele, afunge macho, muhesabu mupaka kumi: mukono mumoja unashuka wenyewe? Arudilie maneno mepesi, kama "Kesho nitaenda soko na mama": yanatoka yamevunjika, ao anawatazama tu bila kuelewa? Alama moja inatosha. Musingojee ya pili. Kuko pia jicho kuzimika kwa gafula, kizunguzungu kinachoangusha mutu, na kichwa kuuma kwa nguvu ambayo hajasikia hata siku moja katika maisha yake. (Lakini kama ndani ya shimo watu watatu wanaumwa kichwa na kulegea pamoja, musipoteze wakati na mambo ya kupima uso: pengine ni moshi wa motopompe. Mutoe watu wote.)

Kisha mutazame saa. Munganga atauliza: "Mara ya mwisho mulimuona muzima ilikuwa saa ngapi?" Mara mingi familia inajibu "asubuhi hivi", na jibu hilo halisaidie. Mwandike saa kwenye karatasi, hata kwenye mukono wa mugonjwa. Kama aliamuka na ugonjwa, saa ya kuandika ni ile alienda kulala akiwa muzima.

Juu ya nini haraka hivi? Mwaka wa 2006 munganga wa Marekani, Jeffrey Saver, alipiga hesabu: mushipa mukubwa wa bongo ukizibika, kila dakika chembe karibu milioni 2 za bongo zinakufa. Chembe hizo hazioti tena sawa majani. Iko dawa ya sindano inayoyeyusha damu iliyoganda, lakini inatolewa ndani ya masaa 4 na nusu tangu alama ya kwanza, na kisha skana kuonyesha kama mushipa umezibika, haukupasuka. Kwa mushipa uliopasuka, dawa hiyohiyo inaweza kuua.

Hapa wasomaji wetu watatujibu, tena kwa haki: skana iko wapi? Dawa hiyo iko wapi? Mutu wa Fungurume ao wa Kambove ataipata lopitali gani? Ni kweli, kwa lopitali nyingi za jimbo haiko. Lakini wanaofunga mazungumzo pale wanakosea, juu lopitali hata bila dawa hiyo iko na kazi kubwa ya kufanya. Sukari ikishuka sana, mutu anaweza kulegea upande mumoja na kushindwa kusema sawasawa na AVC. Tone la damu kwenye kidole linaonyesha, na sindano ya glikozi inaweza kumurudisha palepale. Malaria ya kichwa nayo inavuruga akili. Na AVC yenyewe inaua wengi kwa njia zingine kisha siku mbili tatu: mugonjwa ananyweshwa uji, unaingia mapafuni, homa inapanda bila kutunzwa, hageuzwi kitandani. Wauguzi wanaojua mambo hayo, wanaopima kama anaweza kumeza mbele ya kumupa kitu kinywani, wanaokoa maisha bila mashine kubwa.

Mwizi mukubwa wa masaa siyo barabara. Ni baraza ya familia. "Tungojee kwanza baba mukubwa afike." "Tupigie shangazi simu, yeye njo ana makuta." Mwingine anasema kwa sauti ndogo: "Hii haiko ugonjwa ya bule, balimuloga," na hapo nguvu yote inaenda kumutafuta mulozi: jirani aliyegombana naye juu ya kiwanja, ao mwenzake wa shimo waliyekosana kwa kugawa mawe. Mulozi hatapatikana, lakini masaa yatapita. Kwa maombi hatuna neno baya. Pasta anaweza kuomba akiwa ndani ya gari, mukono juu ya kichwa cha mugonjwa, na gari likienda.

Wakati gari linatafutwa, mumulaze ubavu ili matapiko yasimuzibe, mufungue mukaba na kola. Asinywe maji, asile, asimeze kidonge chochote. Hata aspirine, juu hamujue kama mushipa umezibika ao umepasuka. Hata dawa ya tansiyo ya mama mukwe, juu tansiyo ikishushwa kwa nguvu, bongo inakosa damu zaidi. Asikatwe chale. Pikipiki ni mbaya kwa mutu aliyelegea. Taksi ya pamoja ni bora, hata kama mutalipa viti vyote. Kama yuko ndani ya shimo, musimuache apande mwenyewe kwa kamba kwa sababu anasema "niko muzuri". Mutu wa AVC mara nyingine hajue kama mukono wake umekufa. Afungwe chini ya makwapa, avutwe.

Kuko pia ile inayodanganya. Kinywa kinaenda kando, maneno yanapotea, na kisha dakika kumi kila kitu kinarudi sawa. Watu wanamushukuru Mungu, na kesho yake mutu anarudi kuchimba. Ile ilikuwa onyo, na AVC yenyewe inaweza kumufuata ndani ya siku chache. Aende lopitali siku ileile, kwa miguu yake, akiwa bado nayo.

Wala tusidanganyane kama ni ugonjwa wa wazee. Mutoto wa SS anaweza kupata AVC akiwa bado kwenye shule ya musingi. Muzazi anayeona mutoto huyo anaanza kuburuta muguu asiseme ni maumivu ya mifupa ya kila siku. Mama mwenye mimba, ao aliyezaa juzi, akiumwa kichwa sana na macho kuona giza, naye ni wa kukimbizwa. Kwa watu wazima, mlango mukubwa ni tansiyo, nayo hailalamike. Kuanzia 14 kwa 9, kama inarudi hivyo kila mara inapopimwa, ni ya kutunzwa, na vidonge vyake haviachwe siku mutu anajisikia vizuri. Anajisikia vizuri juu ya vidonge. Makayabu ya kila siku na chumvi inayoongezwa mezani vinaipandisha.

Inabaki habari ya pesa, na hapa tunasema na wakubwa. Sheria ya kazi ya mwaka wa 2002 inaamuru kampuni itunze mutumishi mugonjwa pamoja na familia yake. Kwenye karatasi ni wazi. Lakini mutumishi wa kampuni ndogo, aliyekodishwa kwa kampuni kubwa, mara mingi hana kadi ya lopitali, ao kadi ni yake peke yake, na bibi yake akianguka saa nane ya usiku anaanza kuzunguka kwa majirani kutafuta pesa ya kutanguliza. Kampuni kubwa zinazojua kuhesabu kila tone la mazutu zinaweza kujua kama mutu anayeendesha kamioni yao ana kadi ao hapana. Na lopitali inayoacha mugonjwa wa namna hii kwenye benchi mupaka pesa ifike, inamutoza kitu ambacho hakuna mutu atakuja kumurudishia.

Koperative nazo hazina bwana wa kungojea. Kila shimo lichague mwenye gari mumoja anayekubali kuamushwa usiku, wapatane bei mbele, na namba yake iandikwe kwa rangi kwenye ubao wa hangari, fasi wanapopimia mawe. Gadi na kapita wafundishwe yale mambo matatu: uso, mikono, maneno. Ni kazi ya nusu saa, na inaweza kuanza juma hili.